Springboks 32, Japani 34: tukiacha lawama, walipigwa wapi hasa?

Jukwaa_la_Juu:

Wadau wa raga, salamu. Ubishi wa mechi ya Brighton umefufuka tena kwenye kundi letu na kila mtu ana mkosaji wake. Kwa wageni: Kombe la Dunia, 19 Septemba 2015, Afrika Kusini yenye vikombe viwili inapigwa 34-32 na Japani, timu ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa imeshinda mechi moja tu katika historia yake ya Kombe la Dunia, dhidi ya Zimbabwe mwaka 1991.

Mashabiki wa Boks (Springboks, timu ya Afrika Kusini) walimshukia kocha Heyneke Meyer, wakasema kikosi ni cha wazee, wengine wakamgeukia refa. Meyer mwenyewe aliomba radhi kwa taifa zima. Sitaki hizo. Nataka mtu aliyeitazama mechi kwa jicho la ufundi anijibu mambo matatu:

Kwanza, alama 32 kwa kawaida zinatosha kabisa kumpiga Japani. Zilivuja wapi upande wa pili?

Pili, ikiwa 29-29 na dakika zimebaki saba, Boks wanapewa penalti na wanapiga nguzoni (teke la alama 3). Ilikuwa sawa?

Tatu, mwishoni Japani iko nyuma 32-29, inapata penalti ambayo ingewapa sare. Nahodha Michael Leitch anaomba skramu (wanane kwa wanane wanasukumana kugombea mpira). Ule ni ujasiri au ni kamari?

Na kama kuna wa kuunganisha na kilichotukuta Wakenya kule Antananarivo, Madagascar, 2014 mbele ya Zimbabwe, karibu. Kile kidonda mimi bado sijakielewa kimahesabu.

---

Propu_Mstaafu:

Swali la kwanza lina jibu fupi kuliko watu wanavyodhani. Andika alama zote za Japani kwenye karatasi: trai 3 (kuugusisha mpira chini nyuma ya laini ya mpinzani) ni 15, konvasheni 2 (teke la nguzoni baada ya trai) ni 4, penalti 5 ni 15. Jumla 34. Kwa hiyo karibu nusu ya alama zao hazikutokana na ufundi wa kupenya. Zilitokana na mikono ya Boks mahali pasipofaa, na mguu wa Ayumu Goromaru. Huyo peke yake alifunga 24: trai moja, konvasheni mbili na penalti zote tano.

Sasa tazama penalti nne za kipindi cha pili ziliingia lini. Mapumziko ilikuwa 12-10 kwa Boks. Goromaru, 13-12. Lood de Jager anafunga trai, 19-13. Goromaru mara mbili, 19-19. Lambie wa Boks anapiga penalti, 22-19. Goromaru tena, 22-22. Unaona mtindo? Kila Boks wakipanda ngazi moja wanashushwa bila mpinzani kulazimika kuvuka laini. Timu kubwa ikishafunga hutakiwa kupokea mpira wa kuanzia, kuutoa kwenye eneo lake kwa teke moja refu na kwenda kucheza upande wa pili. Boks walikuwa wanafunga, wanapokea, wanajichanganya kwenye raki (kugombea mpira ulio chini baada ya mtu kuangushwa), filimbi inalia.

Kwa nini filimbi? Kwa sababu walibeba mpira vibaya. Mpira unatoka kwa nambari 9, pasi moja tu, mtu mkubwa anaingia katikati kichwa chini. Japani hawakuhitaji kukimbia kwenda pembeni kuwatafuta. Walikuwa wanakaba wawili wawili: wa kwanza anashika miguu, chini ya magoti, wa pili anaingia kwenye mpira. Jitu la kilo 115 likishikwa vifundo linaanguka kama la kilo 80. Likianguka peke yake, wenzake wako hatua tatu nyuma, yule wa pili wa Japani tayari ana mikono juu ya mpira. Hapo una mawili: uachie mpira, au uushikilie chini upigiwe penalti.

Dawa yake kila kocha wa shule anaijua. Mbebaji asiingie peke yake, awe na wawili waliobana mabegani kabla hajagusana na mtu. Na pasi moja ya ziada kabla ya kugongana, ili mkabaji alazimike kugeuza nyonga na asiweze kupiga chini akiwa amesimama imara. Mechi zilizofuata Boks walirekebisha.

---

Mguu_wa_Kushoto:

Nakubaliana na Mzee Propu isipokuwa umesahau moli (kundi linalomsukuma mbebaji akiwa bado amesimama). Trai za Francois Louw na Bismarck du Plessis kipindi cha kwanza zote zilitoka lainauti (mpira kurushwa ndani kutoka pembeni katikati ya safu mbili), wakafunga moli, wakasukuma mpaka ndani. Silaha ilikuwepo na ilikuwa inafanya kazi! Ndiyo maana swali la pili linauma. Dakika ya 73, sare, penalti. Ukipiga kona, yaani nje ya uwanja karibu na laini ya mpinzani, unarudi kwenye lainauti ya mita 5 na moli ambayo Japani ilikuwa imeshindwa kuizuia mara mbili. Handré Pollard akapiga nguzoni, 32-29.

Halafu kuna lisilotazamwa: konvasheni ya trai ya Bismarck ilikosa. Alama 2. Mechi imeisha kwa tofauti ya alama ngapi? 2.

---

Kalamu_ya_Refa:

Mguu, hesabu hiyo ya "konvasheni ilikosa, tofauti ni 2" ni tamu lakini haisimami. Konvasheni ikiingia kipindi cha kwanza, kila uamuzi wa baadaye unabadilika. Kama Boks wangekuwa na 34 na Japani 29 mwishoni, Leitch asingekuwa na sare ya kuchagua. Angelazimika kutafuta trai, akiipata ni 34-34 na konvasheni bado haijapigwa. Kwa hiyo Boks wasingekuwa salama hata hapo.

Penalti ya dakika ya 73 mimi naitetea nusu. Nusu ya kuitetea: kwenye raga ya wachezaji 15, ukifunga, aliyefungwa ndiye anayeanzisha. Maana yake Boks wanachukua alama 3 na mpira unapigwa kuelekea kwao. Hapa Kenya tumezoea sevens, raga ya wachezaji saba, ambako aliyefunga ndiye anaanzisha, kwa hiyo wengi wetu tunahisi kwamba ukipiga nguzoni unawapa wapinzani mpira. Kwenye 15 ni kinyume. Ukiudaka vizuri, ukapiga raki mbili tatu za kujiweka sawa na kuutoa nje karibu na mstari wa kati, umemaliza karibu dakika nzima na mpinzani yuko mita 50 kutoka kwako.

Nusu ya kulaumu: tofauti ya alama 3 ndiyo tofauti mbaya kuliko zote ukiwa unatoa penalti ovyo. Tofauti ya 3 inampa mpinzani sare kwa kosa moja, na ushindi kwa trai yoyote. Timu ambayo imeshapigwa penalti 5 nguzoni haina haki ya kujifungia kwenye alama 3.

Sasa swali la tatu, ambalo watu wengi hulieleza vibaya. Huwa wanauliza mbona Leitch hakupiga kona aende lainauti. Kwa sheria ya wakati ule, penalti ikitolewa baada ya muda kwisha, ukiupiga moja kwa moja nje, mpira umekufa na mechi imekwisha. Ruhusa ya kupiga nje baada ya dakika 80 na kucheza lainauti ilikuja 2017. Kwa hiyo saa ikiwa nyekundu, Leitch alikuwa na matatu: nguzo, skramu, au kugonga haraka na kukimbia. Kona haikuwepo mezani.

Skramu ilikuwa na mantiki kwa sababu tatu. Boks walikuwa 14 baada ya propu (mtu wa mstari wa mbele wa skramu) Coenie Oosthuizen kupewa kadi ya manjano. Propu akitoka kwa kadi, kocha hulazimika kumtoa mchezaji mwingine ili propu wa akiba aingie, la sivyo skramu haiwezi kusukumana. Popote atakapomtoa, pengo linabaki. Ya pili, skramu huwafunga washambuliaji wanane wa kila upande mahali pamoja, na mabeki wa ulinzi wanatakiwa kusimama mita 5 nyuma ya mguu wa mwisho. Huo ni uwanja mpana kabisa kwa timu yenye kasi. Ya tatu, ukisukumwa ukapata penalti nyingine, hukupoteza kitu, unachagua upya.

Mpira ukatoka, ukaenda awamu kadhaa upande wa kulia, nambari 9 wa akiba Hiwasa akaurudisha kushoto, Amanaki Mafi akamsukuma mkabaji mmoja kwa mkono na kumpasia Karne Hesketh, naye akafunga trai kona. Dakika ya 84. Hesketh alikuwa ameingia dakika za mwisho tu, miguu yake mibichi. Habari ndiyo hiyo.

---

Jukwaa_la_Juu:

Kalamu, asante sana, hiyo ya kona sikuijua, na nadhani kundi zima halikuijua. Lakini hujanijibu: ujasiri au kamari? Eddie Jones mwenyewe, kocha wa Japani, kule juu alitaka wapige nguzoni.

---

Kalamu_ya_Refa:

Angalia jedwali, si moyo. Ushindi ni pointi 4, sare 2, trai nne au zaidi ni pointi 1 ya ziada, kupoteza kwa alama 7 au chini ni 1 ya ziada.

Boks siku ile walipoteza lakini waliondoka na pointi 2: walifunga trai 4 na wakapoteza kwa 2. Watu husahau hilo. Japani walichukua 4 na hawakupata ya ziada, trai zao zilikuwa 3.

Mwisho wa kundi: Afrika Kusini 16, Scotland 14, Japani 12. Japani walishinda mechi tatu, Scotland walishinda tatu. Scotland walikuwa na pointi 2 za ziada, Japani sifuri. Basi. Japani ikawa timu ya kwanza kushinda mechi tatu kwenye kundi na kutofuzu robo fainali.

Tuseme Leitch angepiga nguzoni ikawa 32-32: Japani wangemaliza na 10 badala ya 12, bado wa tatu. Boks wangemaliza na 17 badala ya 16, bado wa kwanza. Kwa hiyo skramu ile haikuwapotezea kitu. Kilichowatoa ni 45-10 kutoka kwa Scotland siku nne baadaye, Gloucester, wakati Scotland walikuwa wanacheza mechi yao ya kwanza na miguu haijachoka. Pia kushinda 26-5 dhidi ya Samoa na 28-18 dhidi ya Marekani bila kupata trai ya nne.

Mimi naita uamuzi sahihi. Kamari ni pale unapoweka kitu mezani.

---

Hesabu_Simba:

Nimeona Antananarivo imetajwa, nakaa hapo.

Mwaka 2014, Kombe la Afrika, timu nne: Kenya, Namibia, Zimbabwe na wenyeji Madagascar. Bingwa anakwenda moja kwa moja Uingereza 2015. Kenya inampiga Namibia 29-22, kisha Madagascar 34-0. Namibia inampiga Zimbabwe 24-20. Zimbabwe imempiga Madagascar 57-22.

Kabla ya siku ya mwisho tofauti za alama zilikuwa hivi: Kenya +41, Zimbabwe +31, Namibia -3. Kenya ikishinda mechi ya mwisho, hata kwa alama 1, hakuna wa kuifikia, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa haijapoteza.

Tukapigwa na Zimbabwe 28-10.

Hapo Kenya ikashuka mpaka +23 na Zimbabwe ikapanda mpaka +49. Namibia ilihitaji kumpiga Madagascar kwa alama 53 au zaidi ili kuipita Zimbabwe. Ilimpiga 89-10, tofauti 79, ikamaliza na +76. Timu tatu, kila moja imeshinda mbili na kupoteza moja, na iliyokwenda Kombe la Dunia ni ile ile tuliyoipiga sisi.

Watu husema "laiti tungepoteza kwa kidogo". Haingesaidia. Tungepoteza kwa 7, tofauti yetu ingebaki +34 dhidi ya +76 ya Namibia. Ile mechi ilikuwa ya kushinda tu. Na wale wanaosema urefu wa Antananarivo kutoka usawa wa bahari: mji ule uko takriban mita 1,300, Nairobi ni karibu 1,800. Kama kuna aliyefaidika na hewa, ni sisi.

Nikilinganisha na Brighton, Boks walikuwa na mechi tatu za kujirekebisha, nasi tulipigwa siku ya mwisho. Wao waliipiga Samoa 46-6, Scotland 34-16, Marekani 64-0, wakafika nusu fainali na kupoteza kwa New Zealand 20-18, wakachukua nafasi ya tatu. Kipigo cha mechi ya kwanza kinatibika. Cha mwisho unakwenda nacho nyumbani.

---

Mguu_wa_Kushoto:

+76 dhidi ya +23... halafu tuliwapiga wenyewe. Jamani.

Na tusiseme tu "Madagascar walilegea". Namibia walijua namba wanayoitafuta kabla hawajaingia uwanjani, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kupiga penalti nguzoni hata moja. Penalti za namna hiyo ni za kona, lainauti, moli, trai. Ukihitaji 53, alama tatu tatu ni kupoteza muda: teke la nguzoni linaweza kula dakika nzima.

---

Bi_Lainauti:

Naomba niongeze la vitendo, maana baada ya kila kipigo watu wanaitazama video kwa hasira na wanaona wanachotaka kuona. Klabu yetu tunatumia karatasi moja tu, na mtu yeyote nyumbani anaweza.

Gawa uwanja kanda nne: A kutoka laini yako ya trai hadi mita 22 yako, B hadi mstari wa kati, C hadi mita 22 ya mpinzani, D hadi laini yake. Chora safu nne: dakika, kanda, kosa, nani alikuwa na mpira kabla ya kosa. Zima sauti. Mtangazaji ndiye anayekuharibia hesabu.

Mzunguko wa kwanza andika penalti tu. Usiandike nyingine yoyote. Ukifika zaidi ya 10 kwa upande wako, tayari una jibu la nusu. Kisha tazama kanda: penalti ya kanda D ni hasara ya nafasi, ya kanda A na nusu ya B ni alama 3 za mpinzani mwenye mpigaji mzuri. Timu mbili zinaweza kuwa na penalti 9 kila moja, na moja ikapigwa kwa sababu 6 kati ya hizo ziko A.

Mzunguko wa pili hesabu mara ngapi timu yako iliingia kanda D na mpira, na ilitoka na alama ngapi. Gawanya. Ukipata chini ya alama 2 kwa kila ingizo, tatizo ni mashambulizi. Ukipata karibu 3 na bado umepigwa, acha kulaumu washambuliaji, tatizo liko nyuma. Boks wa Brighton, ukiwapima hivi, utakuta mashambulizi yao hayakuwa mabaya. Trai nne si haba.

Mzunguko wa tatu ni raki. Simu yako ina saa ya kupimia. Anza mbebaji anapogusa ardhi, simamisha nambari 9 anapounyanyua mpira. Chini ya sekunde 3 ni raki ya haraka, ulinzi haujajipanga. Ikivuka 5, mpinzani ameshapanga ukuta na pasi inayofuata inapelekwa kwa watu walio tayari. Chukua raki 20 za kila kipindi, zinatosha. Mara nyingi utaona kipindi cha pili sekunde zinapanda, na penalti zinaanza pale pale sekunde zilipopanda. Hapo ndipo benchi lilitakiwa kuingia.

Kosa kubwa la watazamaji ni kuandika "kosa la nani" kabla ya "nani alikuwa na mpira". Penalti ya kushikilia mpira chini huandikwa kwa jina la mbebaji, lakini rudisha video nyuma sekunde 4: kina nani walitakiwa kumsafishia raki, na walikuwa wapi? Mara nyingi mbebaji hana hatia.

---

Propu_Mstaafu:

Bi Lainauti umenipa kazi ya Jumamosi. Nyongeza moja kwenye safu zako: weka alama ya nyota kwa kila penalti ya skramu na ziweke kando. Refa akishaamua propu fulani anaangusha, penalti mbili tatu zinafuatana na zinaharibu picha nzima. Hizo zinatibiwa kwa kubadilisha mtu au kubadilisha urefu wa kufunga, mabega yasishuke chini ya nyonga na mgongo unyooke, si kwa kumfokea nambari 9.

---

Jukwaa_la_Juu:

Nimeelewa. Bi Lainauti, swali dogo la mwisho: penalti ambayo refa ameacha faida iendelee, halafu timu ikafunga trai, naiandika au siiandiki?

---

Bi_Lainauti:

Iandike, kanda na dakika, lakini uizungushie duara. Kosa lilifanyika hata kama filimbi haikulia. Ukiziacha hizo, timu inayofungwa trai kutokana na faida itaonekana safi kwenye karatasi yako. Na kama mkono wa refa umenyooshwa zaidi ya mara moja kwenye shambulizi lile lile, andika kila kosa mstari wake.